Kununua sarafu za kale za dhahabu za Ufaransa: mwongozo kamili kwa mkusanyaji na mweka akiba

Tarehe 28 Machi 1803, ambayo katika kalenda ya Mapinduzi ya Ufaransa ilikuwa siku ya 7 ya mwezi wa Germinal, mwaka wa 11, ilitoka sheria iliyoamuru kwamba kilo moja ya dhahabu yenye usafi wa sehemu 900 katika 1,000 itoe sarafu 155 za faranga 20. Ukigawanya, kila sarafu inapata gramu 6.4516, na ndani yake mna gramu 5.806 za dhahabu tupu. Sehemu iliyobaki ni ya kuikaza, hasa shaba, ili sarafu isichakae upesi mikononi mwa watu. Baada ya hapo Napoleon alianguka, wafalme wakarudi, wakafukuzwa tena, ikaja jamhuri, ikaja milki nyingine, kisha jamhuri nyingine, na katika vurumai hiyo yote ya zaidi ya miaka 110 uzito ule haukuguswa. Ndiyo maana faranga 20 ya 1806 na ile ya 1914, ukiziweka kwenye mizani, hutoa jibu moja.

Uthabiti huo ndio unaozifanya sarafu hizi zifae kwa akiba, na ndio pia unaowaponza wanunuzi wageni. Sarafu mbili zenye dhahabu sawasawa zinaweza kuachana kwa bei mara tano au kumi, kwa sababu moja inauzwa kwa uzito wake na nyingine kwa uhaba wake na hali yake. Kazi yote ya mnunuzi ni kujua analipia bei ipi kati ya hizo mbili, na kukataa kulipa bei ya historia kwa kitu ambacho kesho atakiuza kwa bei ya madini.

Hatua ya kwanza: amua unanunua dhahabu au unanunua historia

Ukiingia katika duka la Paris ukaomba napoléon, usitegemee kupewa sarafu yenye sura ya Napoleon. Katika soko la dhahabu la Ufaransa jina hilo ni la faranga 20 yoyote, hata ile yenye jogoo ambayo ilianza kupigwa miaka 78 baada ya mtu huyo kufa. Mweka akiba anaridhika na jibu hilo, kwa kuwa anachotaka ni gramu 5.8 zinazouzika popote. Mkusanyaji anapaswa kutaja mtawala, mwaka na herufi ya kiwanda, la sivyo atapewa iliyo karibu na mkono wa muuzaji.

Zinazonunuliwa kwa ajili ya dhahabu ni zile zilizopigwa kwa wingi: jogoo wa 1899 hadi 1914, malaika wa 1871 hadi 1898 (ndivyo zinavyoitwa kwa picha zake), na sehemu kubwa ya zile za Napoleon wa Tatu za 1853 hadi 1870. Zinazonunuliwa kwa ajili ya historia ni zile za Bonaparte alipokuwa Konsuli wa Kwanza, yaani mkuu wa jamhuri kabla ya kujitawaza, baadhi ya za Napoleon wa Kwanza, za Charles wa Kumi, faranga 40, faranga 50 na 100, na zote zilizotangulia 1803. Katikati wamo Louis wa Kumi na Nane na Louis-Philippe, ambao mwaka mmoja huuzwa karibu na bei ya dhahabu na mwaka mwingine huwa adimu.

Ushauri wangu kwa anayeanza ni kununua jogoo watatu au wanne kwanza, hata kama moyo unapenda za Konsuli. Ukishazishika, ukazipima, ukaziangalia kwa lenzi usiku mmoja mmoja, vidole na macho yako vitajifunza jambo ambalo picha za intaneti hazifundishi, na gharama ya somo hilo ni ndogo kwa sababu jogoo huuzika wakati wowote. Na ikiwa fedha ulizo nazo ni za ada ya shule ya mwakani, usinunue kabisa: dhahabu haitoi riba, na anayelazimika kuuza haraka huuza kwa hasara.

Hatua ya pili: zijue kwa nyuso, miaka na herufi

Anza na uzito na upana, kwa kuwa hivi havina ushabiki:

Faranga 5: gramu 1.61.
Faranga 10: gramu 3.23, milimita 19 kwa zile za kuanzia katikati ya miaka ya 1850.
Faranga 20: gramu 6.45, milimita 21.
Faranga 40: gramu 12.90, milimita 26; za mwisho ni za 1839.
Faranga 50: gramu 16.13, milimita 28.
Faranga 100: gramu 32.26, milimita 35.

Zote zina usafi wa 900, yaani karati 21.6. Pauni ya dhahabu ya Uingereza, ambayo wengi wetu tumeiona kwenye vidani, ni ya karati 22 na ina gramu 7.32 za dhahabu tupu, kwa hiyo usikubali mtu akulinganishie moja kwa moja faranga 20 na pauni.

Sarafu za mwanzo zimeandikwa BONAPARTE PREMIER CONSUL na tarehe za kimapinduzi, AN XI au AN 12, badala ya 1803 na 1804. Mchongaji wake alikuwa Pierre-Joseph Tiolier. Bonaparte anapojitawaza kuwa mfalme wa wafalme, upande mmoja unasema NAPOLEON EMPEREUR, huku upande wa pili ukiendelea kusema REPUBLIQUE FRANÇAISE hadi 1808. Ni mwaka 1809 tu ndipo maandishi yanageuka kuwa EMPIRE FRANÇAIS. Mimi naona hakuna kitabu kinachoeleza unafiki wa siasa kwa ufupi kama kipande hiki cha milimita 21. Tofauti nyingine ya kuangalia ni kichwa kitupu cha miaka ya mwanzo na kichwa chenye taji la majani kinachofuata, maana mwaka wa mpito unaweza kuwa na zote mbili kwa bei tofauti.

Louis wa Kumi na Nane yuko na vazi lake katika sarafu za 1814 na 1815, na shingo wazi kuanzia 1816 hadi 1824. Hapa pana kisa kinachowafaa wakusanyaji. Napoleon aliporejea kutoka Elba mnamo Machi 1815, mfalme alikimbilia Ghent, na kiwanda cha sarafu cha London kikapiga faranga 20 zenye sura ya mfalme huyo aliye uhamishoni ili kugharamia majeshi yaliyoingia Ufaransa. Zina mwaka 1815 na herufi R. Lakini herufi R iliyo kwenye sarafu ya Napoleon wa Kwanza ni ya Roma, wakati mji huo ulipokuwa chini ya milki yake. Muuzaji asiyetofautisha R hizi mbili hajui anachouza, na pengine ni siku yako ya bahati au siku yako ya balaa.

Wanafuata Charles wa Kumi, 1825 hadi 1830, na Louis-Philippe, 1830 hadi 1848. Baada yao Jamhuri ya Pili ilirudisha mchoro wa Augustin Dupré, malaika mwenye mbawa anayeandika katiba juu ya kibao, na mwaka 1849 ikaongeza kichwa cha mungu wa mavuno Cérès kilichochongwa na Merley. Kuna faranga 20 ya mwaka mmoja tu, 1852, yenye jina LOUIS-NAPOLEON BONAPARTE, ya mtu aliyekuwa bado rais na aliyekwishajiandaa kuwa mfalme. Hupatikana bila shida, na kwa mkusanyaji mwenye mfuko wa kawaida ni chaguo zuri kuliko nyingi.

Enzi yake kama Napoleon wa Tatu ndiyo iliyojaza soko. Dhahabu ya California na ya Australia ilimiminika Ulaya katika miaka ya 1850, Ufaransa ikaipiga sarafu kwa wingi, hata faranga 5 zilizokuwa za fedha zikapigwa kwa dhahabu. Hadi 1860 kichwa chake ni kitupu; kuanzia 1861, baada ya ushindi wa vita vya Italia, kimevikwa taji la majani.

Jamhuri ya Tatu ilimrudisha malaika wa Dupré. Inasimuliwa kwamba Dupré mwenyewe aliponea gilotini kwa ajili ya sarafu hii, na kwa hadithi hiyo mabaharia na marubani wakaifanya kinga. Hadithi hiyo isikuongezee bei hata senti moja. Mwaka 1899 ikaja kazi ya Jules-Clément Chaplain: upande mmoja Marianne, mwanamke anayeiwakilisha Jamhuri ya Ufaransa, mwenye kofia ya uhuru na shada la mwaloni, upande wa pili jogoo. Katika Vita vya Kwanza vya Dunia, serikali ilipowaomba raia wakabidhi dhahabu yao, bango la Abel Faivre la 1915 lilimwonyesha jogoo wa sarafu akimshambulia askari wa Kijerumani.

Kwa jogoo, soma ukingo. Zile za 1899 hadi 1906 zimeandikwa DIEU PROTEGE LA FRANCE, yaani Mungu ailinde Ufaransa. Kuanzia 1907, miaka miwili baada ya sheria iliyotenganisha dini na dola, maneno hayo yaliondolewa yakawekwa LIBERTE EGALITE FRATERNITE. Jambo la kuzingatia ni kwamba kati ya 1951 na 1960 Ufaransa ilipiga upya jogoo wengi wenye tarehe za 1907 hadi 1914 ili kutuliza kiu ya soko. Ni halali, zina dhahabu ileile, ila mara nyingi rangi yake huelekea wekundu zaidi, na wakusanyaji hawazithamini kama za asili. Mtu akikuuzia jogoo wa 1910 anayeng'aa kama wa jana kwa bei ya "hali adimu mno", kumbuka kwamba huenda kweli ni wa juzi. Mwenye tarehe ya 1906 au kabla hana utata huo.

Herufi ndogo iliyo chini huonyesha kiwanda: A ni Paris, W ni Lille, B ni Rouen, K ni Bordeaux, L ni Bayonne, M ni Toulouse, Q ni Perpignan, U ni Turin, BB ni Strasbourg. BB inakoma mwaka 1870 kwa sababu vita vya mwaka huo viliiondoa Strasbourg mikononi mwa Wafaransa. Kwa kawaida A ndiyo ya kawaida kuliko zote, na herufi za mikoani katika miaka fulani hupandisha bei sana, lakini si kila mara; angalia katalogi kwa mwaka na herufi pamoja, kamwe usiangalie kimoja peke yake.

Utaona pia ndugu wa nje. Mnamo Desemba 1865 Ufaransa, Ubelgiji, Italia na Uswisi zilikubaliana kupiga sarafu za kipimo kimoja, na Ugiriki ikajiunga baadaye. Kwa hiyo lira 20 za Italia na faranga 20 za Ubelgiji na Uswisi zina dhahabu sawa na ya Ufaransa, na mara nyingine huuzwa kwa bei nafuu kidogo. Kwa mweka akiba hazina kasoro. Kiwanda cha Paris pia kiliwapigia wengine: Tunisia ilipata faranga 20 za dhahabu, na Sultani Said Ali wa Ngazija alipata za kwake mwaka 1308 wa Hijria, ingawa hizo ni za fedha na shaba na haziingii katika hesabu yetu ya leo.

Kuna mtego mmoja nisiouruka. Sheria ya Juni 1928 ilishusha faranga hadi miligramu 65.5 za dhahabu ya usafi wa 900, na baada yake ikatoka sarafu iliyochongwa na Lucien Bazor, yenye tarehe za 1929 hadi 1936, iliyoandikwa 100 FRANCS. Uzito wake ni gramu 6.55 tu. Ni sarafu ya mkusanyaji na ina bei yake, lakini anayeinunua akidhani amepata ile faranga 100 ya gramu 32 atalia.

Kuhusu zilizotangulia 1803, yaani louis d'or zilizoanza mwaka 1640 chini ya Louis wa Kumi na Tatu, au franc à cheval ya 1360 iliyotolewa wakati wa fidia ya Mfalme Jean aliyetekwa na Waingereza, nasema kwa kifupi: ziache kwanza. Zinahitaji ujuzi wa miaka, na za kughushi ziko nyingi.

Hatua ya tatu: piga hesabu ya ziada kabla ya kufungua pochi

Ziada ni kile unacholipa juu ya thamani ya dhahabu iliyomo. Chukua bei ya gramu ya dhahabu tupu ya siku hiyo, zidisha kwa 5.8065, kisha linganisha na bei unayotajiwa. Tuseme kwa mfano gramu moja ni euro 100. Dhahabu iliyomo katika faranga 20 ni euro 580.65. Muuzaji akitaka euro 615, ziada ni euro 34.35, karibu asilimia 6, nayo kwa jogoo wa kawaida inavumilika. Faranga 10 ina dhahabu ya euro 290.32, akitaka euro 330, ziada imefika karibu asilimia 14. Sarafu ndogo huwa na ziada kubwa kwa kila gramu, kwa hiyo anayetafuta dhahabu tu hana sababu ya kuzikimbilia.

Watu wengi huishia hapo, lakini hesabu ya pili ndiyo inayouma. Muuliza muuzaji yuleyule, dakika ileile, yeye angeinunua kwako kwa bei gani. Tuseme anajibu euro 560. Basi ili uirudishe ile euro 615 yako, dhahabu yenyewe lazima ipande kwa karibu asilimia 10, ikiwa masharti yake hayatabadilika. Muuzaji anayekataa kujibu swali hilo amekwishakujibu.

Ziada haikai mahali pamoja. Hofu ikiingia katika masoko hupanda, kwa sababu kila mtu anataka sarafu mkononi. Utulivu ukirudi hushuka hadi karibu na sifuri. Mkongwe hununua ziada ikiwa chini, kisha akapata faida mara mbili ikiwa bei ya dhahabu na ziada vyote vitapanda. Katika historia, uzito wa sarafu hii katika fikra za Wafaransa ulikuwa mkubwa kiasi kwamba mwaka 1952 serikali ya Antoine Pinay ilikopa kwa wananchi kwa riba ya asilimia 3.5 na kuifunga thamani ya mkopo huo na bei ya napoléon.

Hatua ya nne: soma hali ya sarafu

Wafaransa hutumia ngazi za herufi: TB kwa iliyochakaa lakini inasomeka, TTB kwa iliyotumika ikabaki na mistari mingi, SUP kwa ambayo imeguswa kidogo tu, SPL kwa iliyo karibu na upya, na FDC kwa iliyotoka kiwandani bila dosari. Kampuni za Kimarekani hutumia namba kutoka 1 hadi 70. Kwa jogoo, angalia nywele za Marianne juu ya sikio na majani ya mwaloni, kisha manyoya ya kifua na paja la jogoo. Sehemu hizo zilizoinuka ndizo zinazofutika kwanza. Kwa Napoleon angalia nyusi na nywele za juu ya sikio.

Kilichochakaa kwa uaminifu hakina aibu. Kilichosafishwa ndicho kinachopoteza thamani, kwa kuwa msasa na dawa huacha mikwaruzo midogo inayokwenda upande mmoja na mng'ao usio na uhai. Aibu ya pili ni alama ya kidani. Sarafu nyingi za faranga 20 na 40 ziliwahi kulehemiwa kikuku au mkufu, kisha kikuku kikatolewa. Mimi mwenyewe nilinunua faranga 40 ya kwanza kwa taa hafifu ya dukani, nikiwa nimeshughulika na sura ya mfalme, na nilipofika nyumbani nikaona juu ya kichwa chake, kwenye ukingo, pamesuguliwa pakawa bapa. Nilikuwa nimelipa bei ya TTB kwa kipande ambacho hakuna mkusanyaji angekitaka. Tangu hapo huanza na ukingo, nikaizungusha sarafu yote, ndipo nitazame uso.

Hatua ya tano: ipime

Nunua mizani ndogo inayosoma sehemu ya mia ya gramu na kipimo cha milimita. Faranga 20 yenye hali nzuri isome kati ya 6.43 na 6.46, iliyotembea sana inaweza kupungua kidogo, lakini inayozidi 6.50 irudishwe ilikotoka. Pima na upana na unene. Kisha igeuze kutoka juu kwenda chini kama unavyofunua ukurasa wa kalenda ya ukutani: katika sarafu hizi upande wa pili unapaswa kusimama wima. Jaribio la sumaku lina faida ndogo, kwa sababu linakamata chuma tu. Risasi, shaba na volframu, metali yenye uzito unaokaribia wa dhahabu, zinapita.

Jaribio la maji ndilo ninalolitegemea. Weka kikombe cha maji juu ya mizani, rudisha usomaji kwenye sifuri, ifunge sarafu kwa uzi mwembamba uizamishe bila kugusa chini wala pembeni, na hakikisha haina povu la hewa. Namba itakayosomeka ni ujazo wake. Faranga 20 isome karibu 0.37 au 0.38, kwa kuwa dhahabu ya usafi wa 900 ina gramu zipatazo 17.2 kwa kila sentimita ya ujazo. Shaba nyeupe au ya njano iliyopakwa dhahabu, yenye uzito uleule, itasoma zaidi ya 0.7. Volframu na platinamu zitasoma chini ya 0.35. Usishangae kuisikia platinamu: katika karne ya 19 ilikuwa nafuu kuliko dhahabu, na waghushi waliipaka dhahabu wakatengeneza faranga 20 za Napoleon wa Tatu. Leo hizo zenyewe hutafutwa na wakusanyaji, jambo ambalo lingewachekesha waghushi hao.

Zipo za kughushi zilizotengenezwa kwa dhahabu kamili, ambazo mizani haitazikataa. Hapo ni lenzi inayozoom mara kumi: tafuta herufi zenye kingo za mviringo kama sabuni iliyotumika, vitobo vidogo vya kumiminwa kwenye uwanja ulio tambarare, ukingo wenye maandishi yasiyo na nafasi sawa, na mwaka usiolingana na sura. Linganisha na jogoo wako wa kweli. Usimruhusu sonara aisugue sarafu kwenye jiwe lake la kupimia wala kuidondoshea asidi. Atakupa jibu sahihi na kuharibu nusu ya bei. Mashine ya miale inayopima madini ni salama, ila inasoma ngozi ya juu tu, kwa hiyo iambatane na jaribio la maji.

Hatua ya sita: chagua pa kununulia

Paris, rue Vivienne, karibu na jengo la zamani la soko la hisa, maduka ya sarafu na dhahabu yamepangana kama maduka ya vitenge. Faida yake ni kwamba unaweza kuuliza bei milango mitano kwa nusu saa. Kabla ya kwenda huko, pita jumba la makumbusho la Monnaie de Paris, yaani kiwanda cha sarafu cha Paris, 11 quai de Conti, ukaone sarafu za kweli nyuma ya kioo. Jicho lililoona nzuri hukataa mbaya bila kufundishwa.

Mnadani ni mahali pazuri pa kununua za historia, mradi ukumbuke kwamba bei ya nyundo, yaani ile mnada unapofungwa, si bei yako. Ada ya mnunuzi huongezwa juu yake, na mara nyingi hupita asilimia 15. Andika kikomo chako kwenye karatasi, ada ikiwamo, na ukifikiwa nyamaza. Kwa za bei kubwa, nunua zilizofungwa katika vibao vya plastiki na NGC au PCGS, kampuni za Kimarekani zinazokagua sarafu na kuzipa namba za hali, kisha hakikisha namba ya kibao katika tovuti ya kampuni hiyo na ulinganishe picha, maana vibao navyo hughushiwa. Kwa akiba, wauzaji wa Ufaransa hutoa sarafu ndani ya mifuko iliyofungwa yenye namba; ukiufungua mfuko huo umepoteza sehemu ya uhakika uliolipia.

Mtu asiyejulikana anayekutumia picha kwa simu na kutaja bei ya nusu ya dhahabu iliyomo hastahili hata jibu. Hakuna mjane wala mrithi asiyeweza kutembea hadi duka la kwanza akapewa zaidi ya hapo.

Hatua ya saba: karatasi, kodi na forodha

Katika Umoja wa Ulaya, sarafu ya dhahabu iliyopigwa baada ya 1800, yenye usafi wa 900 au zaidi, iliyowahi kuwa fedha halali ya nchi yake, na inayouzwa kwa bei isiyozidi asilimia 80 juu ya thamani ya dhahabu yake, huhesabiwa kuwa dhahabu ya uwekezaji na haitozwi kodi ya ongezeko la thamani. Faranga 20 za kawaida zimo humo. Louis d'or hazimo.

Kodi ya kuuza ni jambo jingine. Mkazi wa Ufaransa anayeuza dhahabu ya aina hii hutozwa asilimia 11.5 ya bei yote ya kuuzia, hata akiwa amepata hasara, isipokuwa ana stakabadhi yenye jina, tarehe na maelezo ya sarafu. Akiwa nayo anaweza kuchagua kutozwa kwenye faida tu, na faida hiyo husamehewa kabisa baada ya miaka 22. Kwa anayeishi Uingereza, pauni ya dhahabu ya huko haitozwi kodi ya faida ya mtaji kwa kuwa ni fedha halali ya nchi hiyo, lakini faranga haina upendeleo huo. Stakabadhi, kwa hiyo, ni sehemu ya sarafu. Ihifadhi mbali nayo, na upige picha.

Anayetoka Ulaya kwenda nyumbani Afrika Mashariki ajue kwamba tangu Juni 2021 sarafu zenye dhahabu ya asilimia 90 au zaidi huhesabiwa pamoja na fedha taslimu, na ukiingia au kutoka Umoja wa Ulaya ukiwa na jumla ya euro 10,000 au zaidi lazima utoe tamko. Asilimia 90 kamili ndiyo faranga yetu, kwa hiyo imo. Upande wa kuwasili, tangaza mwenyewe forodhani na uonyeshe stakabadhi. Katika orodha ya kimataifa ya forodha sarafu ziko chini ya 7118, na mikusanyo ya kihistoria chini ya 9705. Ofisa akikuelekeza kwenye fungu la vito, una haki ya kumwomba aangalie mafungu hayo.

Kuzitunza, na siku ya kuuza

Shika sarafu kwa ukingo, juu ya kitambaa laini, usiipulize kwa mdomo na usiisafishe. Iweke katika kibonge kigumu cha kipimo chake. Vifuko laini vyenye harufu ya plastiki mpya hutoa kemikali inayoshika uso. Gharama ya sanduku la benki na bima iingize katika hesabu ya ziada yako, na mtu mmoja wa familia unayemwamini ajue zilipo na zina thamani gani, kwa maana warithi wasiojua huuza faranga 20 ya Konsuli kwa mzani wa mkufu uliokatika.

Siku ya kuuza, zitenganishe zile za dhahabu na zile za historia. Za dhahabu zipeleke kwa wanunuzi watatu siku moja, asubuhi, baada ya kuangalia bei ya gramu, ukiwa na mifuko yake isiyofunguliwa na stakabadhi. Za historia zipeleke mnadani moja moja, zikiwa na maelezo ya mwaka, herufi na hali, na uulize mapema ada ya muuzaji na siku za kusubiri malipo. Ukizichanganya kwenye meza moja, mnunuzi atazipima zote pamoja, na bei atakayokutajia itakuwa ya mizani.